Tuvipime vichwa vya dizeli kabla havijayeyushwa

Anayetembelea Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, hukutana na injini ya mvuke iitwayo Mount Gelai, nambari 5918. Ni moja kati ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Watu husimama mbele yake wakapiga picha, wakawaonesha watoto ukubwa wa magurudumu yake, na heshima hiyo inaistahili. Ila vichwa vya dizeli vilivyoipokea mzigo, ambavyo vimeyavuta mabehewa yetu kwa muda mrefu kuliko injini hizo za milima zilivyofanya kazi, havijapata mtu wa kuvililia. Kikichoka, kichwa cha dizeli husukumwa kwenye reli ya pembeni, hunyofolewa vipuri vya kuwafaa wenzake, huota kutu, na mwisho wake ni mizani ya chuma chakavu. Sasa treni za umeme zimeanza kukimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024, na zama za dizeli nazo zimeanza kuonekana mwisho wake. Hoja yangu ni kwamba ipo njia ya bei nafuu na ya kina kirefu ya kuvitunza vichwa hivi, nayo ni kuviunda upya kwa mikono, vidogo, kwa vipimo vya kweli, kuanzia shiti tupu ya plastiki au ya shaba ya manjano, na kwamba vyuo vyetu vya ufundi vingepaswa kuifanya kazi hiyo sasa, wakati vichwa vyenyewe bado vipo vya kupimwa.

Kuunda tangu mwanzo si kuunganisha vipande vilivyokatwa kiwandani vikauzwa ndani ya boksi. Muundaji hana boksi. Ana picha chache, pengine mchoro mmoja, rula, kisu chenye ncha, gundi na subira. Anachagua skeli, anagawanya kila kipimo, kisha anakata. Tuseme skeli ni moja kwa 120. Kichwa chenye urefu wa mita 16 kinakuwa milimita 133, yaani hakifiki shubiri. Mlango wa dereva wenye kimo cha mita 1.8 unakuwa milimita 15. Bomba la kushikia, ambalo kwenye kichwa halisi lina unene wa milimita 35 hivi, linageuka kuwa waya wa milimita 0.3. Shiti ya plastiki ya nusu milimita, ambayo mkononi huonekana nyembamba mno, kwa skeli hiyo ni ukuta wa sentimita 6, kwa hiyo kingo za madirisha lazima zikwanguliwe kwa ndani zisije zikafanya chumba cha dereva kifanane na ngome. Hata rangi ina hesabu yake: tabaka la sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na lipu ya milimita 12 juu ya bati, na ripiti zote zilizobonyezwa kwa sindano kutoka nyuma ya shiti zitazama humo. Hakuna kipimo hata kimoja ambacho muundaji anaweza kukipita bila kujiuliza kilivyo kwenye kichwa halisi, na hapo ndipo thamani ya kazi ilipo.

Wanaoonesha jinsi jambo hili linavyowezekana ni watu wa New Zealand. Nchi ile ina reli ya upana wa milimita 1,067, upana uleule wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Iliacha mvuke katika huduma zake za kawaida mwaka 1971, na kichwa chake maarufu cha dizeli, daraja la DA, kilifikia idadi ya 146, vingi vikiwa vimeundwa Kanada na kampuni ya General Motors kuanzia 1955. Soko la nchi hiyo ni dogo mno kuwavutia watengenezaji wakubwa wa treni ndogo duniani, basi wapenzi wa reli waliingia kazini wenyewe. Walipiga hesabu wakaona kwamba reli ndogo za milimita 9, zinazouzwa dunia nzima, zikizidishwa mara 120 zinatoa milimita 1,080, yaani zinapishana na upana wa kweli kwa milimita 13 tu. Huo ukawa mwanzo wa skeli yao wanayoiita NZ120. Wengine, wanaopenda kazi kubwa zaidi, hutumia reli za milimita 16.5 kwa skeli ya moja kwa 64, nayo inatoa milimita 1,056. Reli na mota wananunua, mwili wa kichwa wanauunda wenyewe.

Hesabu hiyohiyo inatuhusu neno kwa neno. Kichwa cha TAZARA kwa skeli ya 120 kinakaa juu ya reli za milimita 9 bila udanganyifu wowote unaoonekana kwa macho. Reli yetu ya mita, ile ya Tanga, ya Kigoma na ya zamani ya Mombasa hadi Kampala, ikigawanywa kwa 87 inatoa milimita 11.5, na reli ndogo za milimita 12 zipo madukani Ulaya, maana Uswisi nayo ina njia nyingi za upana wa mita. Reli mpya ya kisasa yenye milimita 1,435 inaingia kwenye milimita 16.5 kwa skeli ya 87 karibu bila salio. Hili si jambo la wapenda tarakimu peke yao. Uingereza, ambako mchezo huu una mizizi mirefu, ilizoea skeli ya moja kwa 76 juu ya reli za milimita 16.5, na treni zao ndogo hadi leo zinasimama juu ya reli ambayo kwa ukubwa halisi ingekuwa milimita 1,254, pungufu ya sentimita 18 hivi. Sisi hatuna mazoea ya kuyabeba, kwa hiyo tunaweza kuanza na kipimo kilicho sahihi.

Faida kubwa kuliko zote inakuja pale mkono unapolilazimisha jicho kuuliza. Chukua vichwa vya dizeli vya daraja la 90 vya Shirika la Reli la Afrika Mashariki, vilivyoundwa na English Electric ya Uingereza kuanzia 1960, ambavyo baadaye viliitwa daraja la 87. Picha yake ukiitazama juujuu utaona magurudumu, basi. Anayetaka kuyaunda magurudumu hayo ataanza kuyahesabu, na atagundua kwamba kila bogi, yaani fremu ya magurudumu iliyo chini ya kichwa, ina ekseli tatu zinazozungushwa na mota, na mbele yake ekseli ya nne, ndogo, isiyo na mota yoyote. Ya nini ekseli isiyovuta? Jibu liko chini yake: reli ya mita ilitandikwa kwa vyuma vyepesi, na kila ekseli iliruhusiwa uzito wenye mpaka. Mashine ya tani 100 juu ya ekseli sita inaweka karibu tani 17 kila moja. Ukiigawa kwa ekseli nane unapata tani 12 na nusu. Vigurudumu vile viwili vya pembeni vinasimulia wembamba wa reli, umaskini wa bajeti za kikoloni na busara ya mhandisi aliyetakiwa kuleta nguvu bila kuivunja njia. Maelezo hayo yangeweza kuandikwa kitabuni yakasomwa yakasahaulika. Aliyekata vigurudumu hivyo kwa mkono na kuona bogi ikikataa kupinda konani mpaka kigurudumu cha mbele kipewe nafasi ya kucheza, hatasahau.

Mfano wa TAZARA ni mzuri zaidi. Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976, vichwa vyake vilikuwa vya dizeli na haidroliki kutoka China: injini inazungusha pampu iliyojaa mafuta, na nguvu inapelekwa kwenye bogi kwa mihimili inayozunguka. Kuanzia 1983 vikaja vya aina ya U30C vilivyosanifiwa na General Electric na kuundwa na Krupp ya Ujerumani Magharibi, kwa sababu vile vya kwanza vilielemewa, hasa kwenye mwinuko mkali kati ya Mlimba na Makambako. Katika U30C injini inazalisha umeme, na umeme unaendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Sasa mtazame muundaji wa kichwa kidogo. Mota moja ameiweka katikati, mihimili miwili inatoka mbele na nyuma, kila mmoja unaingia kwenye gia za bogi yake. Bila kukusudia, ndani ya ganda la mashine ya Wajerumani ameweka mpangilio unaokaribiana zaidi na ule wa Wachina! Mwanafunzi akiwa na vyote viwili mezani atafahamu tofauti ya mifumo hiyo kwa dakika chache kuliko muda wa kuichora ubaoni. Atajifunza pia kwamba uzito haupungui kama urefu. Kichwa cha tani 120 kikipunguzwa mara 120 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, uzito wake unagawanywa kwa 1,728,000 na kubaki gramu 70, ambazo hazitoshi kukipa mshiko wa kuvuta mabehewa mengi. Ndiyo maana waundaji hujaza vipande vya risasi kila pembe iliyo wazi. Hilo ni somo la fizikia ambalo hakuna aliyelazimishwa kulikariri.

Wapo watakaosema kwamba dizeli haifai kuhangaikiwa hivyo. Injini ya mvuke inaonesha viungo vyake vyote, inapumua, ina fito zinazokwenda na kurudi. Kichwa cha dizeli ni sanduku lenye madirisha. Nakubali kwamba mvuke una uzuri unaojitangaza. Sanduku nalo lina lugha, ila linataka msomaji. Milango mirefu ubavuni mwa U30C imewekwa pale ambapo fundi anahitaji kuifikia injini. Nyavu zinaonesha hewa inapovutwa. Rejeta imekaa mahali pake kwa sababu mashine inayopanda mlima polepole, kwenye joto, na mzigo mzito nyuma, lazima ipoozwe bila kutegemea upepo wa mwendo. Mwenye kuziunda nyavu hizo moja moja anajua kwamba ukubwa wake si pambo. Kudai kwamba sanduku halina cha kusoma ni kukiri kwamba hatujalisogelea.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la teknolojia. Kama kuna skana za leza na printa za 3D, kwa nini mtu akate plastiki kwa kisu? Sina ugomvi na printa. Kwa vipande vinavyojirudia, kama springi za bogi, printa huushinda mkono, na muundaji mwenye akili ataitumia. Lakini printa haiumbi kisichochorwa, na mchoro hauzaliwi bila vipimo. Skana nayo hushika ngozi ya mashine kwa usahihi wa ajabu bila kumwambia yeyote kipi ni cha asili na kipi ni bati lililopachikwa karakanani miaka ishirini baadaye. Hukumu hiyo ni ya mtu aliyelinganisha picha za 1965 na za 1990 akaona dirisha limezibwa. Tena, kichwa kilichokwisha kuyeyushwa hakiwezi kuskaniwa. Kinaweza kurudishwa kwa picha nzuri iliyopigwa ubavuni, kutoka mbali kidogo, pamoja na kipimo kimoja cha uhakika, kwa mfano umbali kati ya ekseli mbili. Kutoka hapo kila kitu kingine kinahesabiwa kwa uwiano. Hiyo ndiyo mbinu ya kale ya waundaji, na kwa vichwa vingi vya Shirika lililovunjika mwaka 1977 huenda ndiyo mbinu pekee iliyobaki.

Kuhusu gharama na madai kwamba huu ni mchezo wa wazee wa Ulaya wenye pesa, sitakawia. Watoto wa Afrika Mashariki wameunda magari ya waya na ya makopo kwa vizazi, magurudumu yakikatwa kwenye kandambili zilizochakaa, na mengi ya magari hayo yana usukani unaogeuza magurudumu ya mbele. Mikono ipo. Kinachokosekana ni kipimo: gari la waya linafanana na lori, wakati modeli ya skeli inawajibika kwa lori fulani, la mwaka fulani. Hatua kati ya hayo mawili ni rula na kugawanya. Badala ya shiti za plastiki mtu anaweza kuanza na kadibodi ngumu, na kichwa cha kwanza si lazima kitembee.

Ndiyo maana nasema vyuo. Chuo cha reli cha Tabora, vituo vya mafunzo ya ufundi vya VETA, na chuo cha reli cha Nairobi vina wanafunzi wanaotakiwa kujifunza kusoma michoro, kupima na kulehemu. Wapewe kazi ya mwisho wa mwaka: kundi la watu wanne, kichwa kimoja, skeli moja. Mamlaka za reli ziwape kibali na mtu wa kuwaongoza, kwa kuwa yadi ya reli ni mahali pa hatari na pa ulinzi. Modeli ziende makumbusho zikae karibu na Mount Gelai, na karatasi za vipimo, ambazo kwangu zina thamani kubwa kuliko modeli zenyewe, zitunzwe katika nakala mbili, moja chuoni na nyingine kwenye nyaraka za taifa. Siku ya kwanza yadini inahitaji utepe wa kupimia wa mita 30, chaki, kamera, daftari na watu wawili. Waanze na umbali kati ya ekseli, kisha kimo cha sakafu kutoka juu ya reli, kisha mlango wa dereva, na wapige picha ya paa kutoka juu ya daraja la waenda kwa miguu, kwa sababu paa ndilo ambalo karibu hakuna aliyewahi kulipiga picha.