Fundi cherehani mmemwacha wapi?

Ndugu mwandishi, katika makala yako umeeleza vizuri habari za vihisi vinavyoshonwa kwenye nguo, ila fundi nguo hukumtaja. Kihisi cha mapigo ya moyo kinachoshonwa kwenye fulana lazima kigusane na ngozi bila kuteleza, na hapo injinia hana ujanja bila mtu wa sindano. Huku kwetu Hanang, mtazame mama wa Kibarbaig na sketi yake ya ngozi yenye shanga: inavaliwa kutwa kwenye vumbi na baridi, haifumuki. Hizo fulana zenu zikifuliwa kwa sabuni ya mche na kusuguliwa kwenye jiwe, uzi wake wenye fedha, unaopitisha umeme, utabaki?

Halafu namfikiria mkimbiaji wetu, Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu, kwenye Olimpiki ya Mexico City 1968, goti limefungwa bandeji, akimaliza marathoni kwa saa 3 na dakika 25. Angevaa fulana yenye kihisi, kifaa kingemwamuru asimame. Asingesikiliza, najua Wambulu! Lakini vijana wanaokimbia milimani huku wangevaa fulana hizo, mwalimu wao angeona mapema nani anaumia. Mnipe basi fulana ninayoweza kuichaji kwa sola, na bei yake isizidi mbuzi mmoja.