Sio Virusi, Ni Joto: Tuache Ukangomba wa Kompyuta

Nilikuwa kimya kidogo, mitihani ilitubana. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Hapa Mtwara kuna jibu moja kwa kila ugonjwa wa kompyuta: virusi. Ikizima yenyewe, virusi. Ikiwa nzito, virusi. Ikinguruma kama mashine ya kusaga, virusi. Na dawa ni moja tu: kupiga windows upya. Mi nasema huu ni ukangomba.

Kwa mliotoka bara na hamjui, kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa kichochoroni, mkulima anapimiwa kwa kopo na kwa bei ya njaa, mzani haupo. Ndiyo maana mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza huku mwaka 2007, hoja kubwa ilikuwa mzani na mnada. Mtu wa Kusini anajua kabisa hasara ya kupimiwa kwa macho. Sasa kwa nini tunakubali kompyuta zetu zipimwe kwa macho?

Kozi meti wangu ana kompyuta ya mezani ya mtumba, ndimo ilimo tasnifu yake. Kila ikifika saa nane mchana, puu, imezima. Usiku inapiga kazi mpaka alfajiri bila tatizo. Ameipeleka kwa fundi mara 3, mara 3 kapigiwa windows, mara 3 kalipa. Mara ya mwisho na mafaili yalifutwa, sura nzima ya pili imekwenda. Pesa ni ya boom, wadau. Jiulizeni: ni virusi gani hivyo vinavyojua saa ya jua kali?

Tukaiwasha kwa Linux kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski yake. Kisha:

sudo apt install lm-sensors
sudo sensors-detect
sensors

Basi. Mistari mitatu, bure. (Sensa hizi si zile za watu na makazi za Agosti 2022, ni vipimo vidogo vilivyokaa ndani ya prosesa na mazabodi tangu kiwandani. Hizo herufi lm zenyewe zimetoka kwenye chipu za zamani kama LM78.) Ikiwa imetulia tu, prosesa ilisoma nyuzi 71. Tukaipa kazi nzito huku tumeandika watch -n 2 sensors: 84, 91, 97... giza. Kioo kimezima mbele ya macho yetu. Tulipofungua, vumbi limeshonana kama sufi kati ya feni na lile bati la mapezi, na grisi ya kupitisha joto imekauka kama udongo wa kiangazi. Brashi ya rangi, grisi mpya, nusu saa. Sasa ikitulia inasoma 44, kazi nzito 69. Virusi vimekimbilia wapi?

Elewa inavyokwenda. Prosesa ikipata joto sana hujipunguza kasi kwanza ili isiungue. Huo ndio "uzito" mnaouita virusi. Joto likizidi kupanda, inajizima. Tena keneli ya Linux haifichi, andika sudo dmesg utakuta imeandika kwamba kasi imepunguzwa kwa sababu ya joto.

Sasa mambo machache ya kuweka sawa, maana hata mzani unaweza kukudanganya.

Moja: sensors-detect ina maswali mengi, kubali majibu yake ya kawaida kwa kubonyeza Enter. Lakini swali la mwisho, la kuandika moduli kwenye /etc/modules, jibu lake la kawaida ni HAPANA. Hapo andika yes kwa mkono, la sivyo ukiwasha upya huenda nusu ya namba zisionekane.

Mbili: ukiona nyuzi 127 au -128 usipige mayowe. Mara nyingi hapo hapajaunganishwa kitu. Tengeneza faili lako ndani ya /etc/sensors.d/, andika jina la chipu, kisha ignore temp3, na kwa feni label fan1 "Feni ya prosesa". Faili kubwa la /etc/sensors3.conf liache kama lilivyo.

Tatu: angalia na umeme wa ndani. Mstari wa volti 12 unatakiwa uwe kati ya 11.4 na 12.6. Ukiwa nje ya hapo, kipime kwa mita kabla ya kulaumu pawa saplai, maana majina na hesabu za volti hutofautiana kwa kila mazabodi.

Najua mtasema "Mtwara ni joto, ndiyo kawaida yake." Ndiyo maana upime! Feni haipoozi kuliko hewa ya chumbani. Kama prosesa inapanda nyuzi 40 juu ya chumba, mwenzetu wa Njombe kwenye nyuzi 15 anasoma 55. Wewe wa Shangani au Msimbati kwenye 32 unasoma 72, na bado kuna hewa ya chumvi. Sisi wa pwani nafasi yetu ni ndogo, hatuna anasa ya kubahatisha.

Wengine mtasema "fundi naye ana njaa yake." Sawa, ale, lakini ale kwa kazi. Pale Madimba gesi inasafishwa kabla ya kuingia bomba la kwenda Dar, lile lililozinduliwa Oktoba 2015. Mhandisi akisema presha "inaonekana iko poa" bila kusoma geji, mngemwelewa? Kupima ni heshima kwa mteja. Fundi wangu, nioneshe namba, nitakulipa na soda juu.

Na wale wa maabara za kompyuta wanaofunika mashine kwa vitambaa vya maua zikiwa zimewashwa, halafu wanabandika karatasi "USIINGIZE FLASHI, VIRUSI": jamani, mashine inapumua! Toeni vitambaa, pulizeni vumbi kila muhula, andikeni joto la kila mashine kwenye daftari. Haihitaji bajeti wala kikao.

Kwenu wanafunzi: kabla hujatoa hata mia, uliza swali moja tu, "imesoma nyuzi ngapi?" Asipokuwa na jibu, beba mashine yako urudi nayo. Mwenye flashi ya Linux hana, aje hosteli nimkopie, aje na flashi yake tu.

Naomba kutoa hoja.