Mtazame Huyu wa Kitanda cha Nne



Mwezi huu tunaongea zaidi na wauguzi wenzetu, lakini nawe unayeuguza mgonjwa nyumbani kwa kusaidiwa na mtu usiache kusoma.

Hivi karibuni tuliwapeleka wageni wa kanisa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuliona tembe alimokaa Dakta Livingstone mwaka 1872. Tukawasimulia habari ya sanduku lake la dawa. Miaka mitano kabla ya hapo, Januari 1867, kijana mwangalifu aliyezoea kulibeba alibadilishana mzigo na mpagazi mwingine. Mpagazi huyo akatoroka nalo porini, na Livingstone akabaki katika nchi ya homa bila kinini. Wageni walisikitika. Sisi tulikumbuka wodi.

Miaka mingi iliyopita, katika hospitali ambayo hatutaitaja, tulikuwa zamu ya usiku wodi ya wazazi. Mama wa kitanda cha 4 alikuwa amejifungua muda si mrefu, nasi tukaitwa haraka chumba cha kujifungulia. Tukamwambia mhudumu wa wodi, mtu mzima kutuzidi, "Mama, mtazame huyu wa kitanda cha nne." Akajibu, "Haya, sista." Akamtazama kweli. Alimwona amelala kimya, akamfunika vizuri asipate baridi. Tuliporudi na kufunua shuka, damu ilikuwa imepita kwenye kitambaa mpaka godoroni. Tulikanda tumbo la uzazi, tukachoma sindano, tukamwita daktari mbio. Kwa neema ya Mungu mama yule alipona.

Asubuhi mhudumu alituuliza, "Sista, mbona hukuniambia nitazame damu?" Hatukuwa na jibu.

Kwanza, kazi ile haikuwa yake peke yake. Katika saa 2 za mwanzo baada ya kuzaa, mkunga hupima mapigo ya moyo na kugusa tumbo la uzazi kila dakika 15 kuona kama limekaza. Kujua maana ya tumbo lililolegea ni elimu ya mkunga. Ndiyo maana pia hatumpi mhudumu kuchoma sindano wala kusimamia damu ya kuongezewa. Kuogesha, kulisha, kumgeuza mgonjwa asipate vidonda, hayo mhudumu aliyefundishwa huyafanya vizuri, pengine kutushinda. Hata hivyo, mkononi mwa mgonjwa aliyezirai au anayepaliwa, kijiko cha uji nacho ni hatari.

Pili, tungeweza kusema hivi: "Mama, funua shuka kila baada ya dakika chache. Kitambaa kikilowa, au akisema anaona kizunguzungu, niite papo hapo hata kama ninazalisha." Kisha tungemwomba aturudilie maneno hayo. Hayachukui hata dakika moja. Yethro alimwambia Musa vivyo hivyo katika Kutoka mlango wa 18: wasaidizi waamue madogo, makubwa wamletee yeye. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ina jina la muuguzi, si la mhudumu.

Akikuita mara tatu kwa jambo lisilo na uzito, mshukuru mara zote tatu. Ukimkaripia, ya nne haji. Mama yule wa wodi yetu alituita mara nyingi baada ya usiku ule. Mara moja ilikuwa damu kweli, nasi tukawahi.