Filamu Iliyotafuta Muuaji Mmoja

Mwaka 1958 Mmarekani Richard Brooks alitengeneza filamu kutokana na riwaya ya mwisho ya Mrusi Fyodor Dostoyevsky, ile ya ndugu wa ukoo wa Karamazov. Baba mlevi na mzinzi anagombana na mwanawe Dmitri juu ya fedha za urithi na juu ya mwanamke mmoja. Usiku mmoja baba anauawa. Yul Brynner aliigiza vizuri nafasi ya Dmitri, lakini filamu hiyo ilipunguza imani iliyo ndani ya kitabu.

Filamu inauliza: nani aliua? Kitabu kinauliza: nani asiye na hatia? Mtumishi Smerdyakov ndiye aliyepiga. Lakini Ivan ndiye aliyemfundisha kwamba pasipo Mungu kila kitu ni halali. Dmitri alitamka mbele za watu kwamba atamwua baba. Alyosha mpole, aliyeagizwa na mzee Zosima kuwa karibu na kaka yake, alimsahau. Zosima alifundisha kwamba kila mtu anawajibika kwa dhambi za wote; huo ndio moyo wa kitabu. Filamu ikampa mzee huyo nafasi ndogo, kisha ikamtorosha Dmitri na mpenzi wake, watazamaji wakaondoka wameridhika.

Hapa Ufipa tunakosea vivyo hivyo bila kuangalia filamu. Baba anafariki mashamba hayajagawanywa, watoto wa mama huyu na wa mama yule hawasalimiani. Badala ya kuitazama chuki hiyo, linatafutwa jina la mchawi, na mara nyingi ni la bibi kizee asiye na mtetezi. Jina Sumbawanga husemwa maana yake ni kutupa uchawi. Tusiwatupe wazee tukabaki na chuki.

Wapo watakaosema: wote wakiwa na hatia, muuaji ataponea hapo. Sivyo. Mahakama imhukumu aliyeua. Lakini katika Misa tunapiga kifua na kukiri hata kutotimiza wajibu. Jumuiya iliyojua ugomvi wa shamba miaka yote ikanyamaza, isifike msibani kuuliza nani mchawi. Iende mapema, iwakalishe ndugu pamoja, na mipaka iandikwe baba angali hai. Hiyo nayo ni kitubio.