Ayubu aingie darasa la Kiingereza

Kama umewahi kukesha kwenye matanga, sentensi hii unaijua: kazi ya Mungu haina makosa. Mtu amezika mtoto jana, leo anashikwa mkono na jirani na kuambiwa hivyo. Jirani hana ubaya. Ni vile tu kimya kinamtisha. Lakini ngoja wiki mbili hivi, utasikia sentensi ya pili, hii sasa inanong'onwa kando ya barabara: pengine kuna kitu walifanya.

Kuna kitabu kizima kinachobishana na sentensi hizo mbili, na kiko ndani ya Biblia ile ile iliyo juu ya kabati kwenu. Ni kitabu cha Ayubu. Mimi sikukutana nacho kanisani wala kwenye somo la CRE. Nilikisoma katika kipindi cha Kiingereza, kidato cha tatu, kwenye shule moja ya kutwa pale Bukura, Kaunti ya Kakamega. Na hoja yangu leo ni fupi: kila mwanafunzi wa sekondari anafaa kupata nafasi kama hiyo.

Ayubu hakuwa kwenye vitabu teule vyetu vya KCSE. Mwalimu alileta kurasa za fotokopi, karatasi moja kwa watu watatu, akatuambia tuzisome kama tunavyosoma tamthilia. Nani anaongea? Anataka nini? Anaficha nini? Tulidhani ni mzaha. Biblia kwetu ilikuwa kitu cha kukariri, si cha kuuliza maswali.

Kama hujakisoma, wacha nikupe picha. Sura ni 42. Mbili za mwanzo na sehemu ya mwisho ni hadithi ya kawaida, katikati karibu kote ni ushairi. Ayubu ana kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe, punda 500 na watoto kumi. Siku moja vyote vinaenda, watoto pia. Kisha mwili unajaa majipu kutoka utosini hadi kwenye nyayo. Wewe msomaji unajua kwamba hajakosa lolote, kwa sababu ulionyeshwa mazungumzo ya mbinguni. Yeye hajui. Marafiki zake pia hawajui. Hicho ndicho walimu wa fasihi huita kinaya, na sijaona mfano mzuri zaidi.

Marafiki wanakuja watatu: Elifazi, Bildadi na Sofari. Wanaketi naye chini siku saba bila kusema neno. Hapo ni marafiki wa kweli. Shida inaanza wakifungua mdomo. Elifazi anaanza kwa adabu, akidokeza kwamba mtu asiye na hatia haangamii hivi hivi. Bildadi anasema watoto wa Ayubu walijiletea. Sofari ndiye mkali kabisa: kwake, Ayubu ameadhibiwa kidogo kuliko anavyostahili. Hebu fikiria mtu anakuambia hivyo ukiwa umekaa kwenye majivu, unajikuna kwa kigae!

Ayubu hanyamazi. Anajitetea, anapiga kelele, anataka kesi yake isikizwe na Mungu mwenyewe. Na mwishowe, Mungu anawakasirikia marafiki, si Ayubu. Anasema wao ndio hawakusema ukweli. Tulipofika hapo, kijana mmoja wa dawati la nyuma aliuliza, "Kumbe kulalamika si dhambi?" Nimesahau mengi ya shule, lakini swali hilo sijalisahau.

Sasa, mbona iwe Kiingereza na si CRE? Siidharau CRE. Lakini wewe na mimi tunajua swali lake la mtihani: taja mafunzo matano ambayo Mkristo anapata kutokana na hadithi hii. Utaandika uvumilivu, imani, utiifu na mengine mawili. Utapata alama zote, na kitabu kitakuwa kimekupita. Ayubu yule mvumilivu tunayehubiriwa anaishi sura mbili tu. Kufikia sura ya tatu analaani siku aliyozaliwa. Darasa la fasihi ndilo linalokuruhusu kuuliza kwa nini mtu huyo huyo amebadilika, na kujibu kwa kuonyesha maneno yaliyo kwenye ukurasa badala ya kubahatisha kile mtahini anataka.

Hata mwisho wenyewe ulituletea vita. Ayubu anarudishiwa mifugo mara mbili, na anapata watoto wengine kumi. Wengine darasani walifurahi. Mwenzetu mmoja aliyekuwa amempoteza ndugu yake alisema mtoto si ng'ombe, huwezi kurudishiwa mwingine ukasema hesabu imetimia. Mwalimu hakumkemea. Alimwambia aandike hayo kwenye insha. Wasichana nao walikomalia jambo jingine: mabinti watatu wa mwisho, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, ndio wanaotajwa kwa majina, na wanapewa urithi pamoja na kaka zao. Katika sehemu ambapo shamba la baba bado huwagombanisha watoto, hilo si jambo dogo.

Pia mahali penyewe palitusaidia kuelewa. Bukura mvua ya alasiri ikigonga mabati, mwalimu hunyamaza na darasa zima hungoja. Kwa hivyo tulipofika sura ya 38, ambapo Mungu anamjibu Ayubu kutoka ndani ya dhoruba, hatukuhitaji kamusi. Huko Mungu hatoi sababu ya mateso. Anauliza maswali kuhusu mvua, radi, simba na kunguru. Nusu ya darasa ilisema hilo si jibu. Nusu nyingine ikasema ndilo jibu pekee. Tulitoka bado tunabishana.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Ukanda huu uliishi kwa miwa. Kampuni ya sukari ya Mumias iliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019, na wakulima wengi walikuwa wameanza kuteseka kabla ya hapo. Lakini uliza mtaani kwa nini mzee fulani amekwama, uone kama hutaambiwa ni mvivu au alikunywa pesa. Elifazi bado yuko hai, anapanda bodaboda kama sisi.

Mimi mwenyewe nilipoacha chuo, senje wangu aliniketisha akaniuliza kwa upole kama kuna mtu nilimkosea. Nilimwambia, "Senje, karo iliisha tu." Hakuridhika. Lakini mimi nilikuwa nishamsoma Ayubu, kwa hivyo nililala. Kuna vijana wengi wanaoulizwa swali kama hilo na hawalali.

Najua pingamizi. Utasema dini haifai kuingizwa katika Kiingereza. Ni kweli Kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hatuna dini ya taifa, na cha 32 kinalinda uhuru wa kuabudu. Lakini kusoma si kuabudu. Marekani, Mahakama ya Juu ilipopiga marufuku ibada ya Biblia katika shule za umma mwaka 1963, ilisema wazi kwamba kuisoma kama fasihi au historia hakuna tatizo. Hapa hapa Afrika Mashariki, Ayubu si wa Wakristo peke yao. Waislamu wanamjua kama Nabii Ayubu, na pwani kuna Utendi wa Ayubu, ambao msomi Alice Werner aliuchapisha London mapema miaka ya 1920. Katika Biblia mke wa Ayubu hana jina na anaongea mara moja tu. Katika mapokeo ya Kiislamu anaitwa Rehema, na anasifiwa kwa kumuuguza mumewe. Weka hadithi hizo mbili kwenye meza moja, hapo umepata somo la wiki nzima.

Hofu ninayoikubali ni moja: mwalimu anaweza kugeuza kipindi kuwa mahubiri. Hiyo inazuilika. Maswali yawe ya maandishi, na asiwepo mwanafunzi anayepewa au kunyimwa alama kwa sababu ya imani yake.

Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026, na Fasihi ya Kiingereza sasa ni somo la kuchagua katika mkondo wa Sayansi ya Jamii. Wanaopanga mtaala wanaweza kuanzia hapo. Hatuhitaji sura zote 42. Sura tatu za kwanza, hotuba moja ya kila rafiki, majibu ya Ayubu, sura ya 38 na ya mwisho zinatosha. Upande wa Fasihi ya Kiswahili, utendi uletwe ukutane nazo.

Wewe nawe usingoje mtaala. Soma sura tatu za kwanza usiku wa leo, ni dakika chache tu. Na matanga yajayo, kabla hujasema kitu, kumbuka zile siku saba. Keti karibu na mwenye msiba, na umwache yeye aanze kuongea.