Mficha Dawa

Vitabu vinavyosimulia utabibu wa Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria, yaani tangu 1837 hata 1901, aghalabu vina sura moja isiyokosekana. Katika sura hiyo mganga wa mitishamba, mchuuzi wa vidonge gulioni na tajiri wa dawa za chupa hupangwa safu moja, kisha wote watatu hupigwa muhuri mmoja wa ulaghai. Wako na wanazuoni wengine walioipindua hukumu hiyo: kila kilichotoka katika jani wanakiita hekima, na kila kilichotoka mkononi mwa daktari wanakiita ukatili. Insha hii inazikataa hukumu zote mbili. Mpaka wa haki wa kugawanya tabibu na laghai katika zama zile ulipita mahali pengine kabisa. Ulipita kati ya dawa iliyojulikana na dawa iliyofichwa.

Na tuanze na jina. Bidhaa zile ziliitwa dawa za hataza, na jina hilo lilikuwa uongo wa kwanza. Hataza ni mapatano: mvumbuzi huitangazia dunia siri ya kazi yake, na serikali humlinda kwa muda asiibiwe. Wauzaji wengi wa dawa hizi hawakuomba hataza hata siku moja, maana wangeiomba wangelazimika kusema ndani ya kidonge mna nini. Walichokuwa nacho ni stempu ya ushuru, ambayo serikali ilianza kuitoza mwaka 1783. Mnunuzi asiyejua sheria aliiona stempu juu ya kisanduku akadhani kuwa mfalme au malkia amekithibitisha. Hata serikali ilipoandika baadaye juu ya stempu kwamba si dhamana ya ubora, nani alikuwa na haja ya kuyasoma maandishi madogo namna ile? Picha ilitosha.

Wahenga wetu walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na dawa hizi zilijitembeza mbali. Thomas Holloway, aliyeanza na marhamu mwaka 1837 kisha akaongeza vidonge, alizitangaza katika lugha nyingi, Kichina na Kiarabu zikiwamo, na mwisho wa maisha yake gharama ya matangazo ilifikia pauni 50,000 kwa mwaka. Utajiri wake ulijenga chuo kikubwa cha wanawake, ambacho Malkia mwenyewe alikifungua mwaka 1886. Thomas Beecham, mtoto wa kondeni aliyewahi kuchunga kondoo, alitangaza kuwa kisanduku chake kimoja kina thamani ya gini nzima, yaani shilingi 21. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari wa Uingereza kilichapisha kitabu cha uchunguzi wa dawa za siri. Mkemia alikuta katika vidonge vya Beecham shubiri, tangawizi na sabuni. Vidonge 56 viliuzwa kwa shilingi 1 na peni 1 na nusu. Malighafi yake ilikisiwa kuwa nusu ya robo ya peni. Piga hesabu, msomaji: mgonjwa alilipa zaidi ya mara 100 ya thamani ya kilichomo. Na ile peni 1 na nusu iliyokuwa ushuru wa stempu ilikuwa mara 12 ya thamani hiyo. Serikali ilikuwa mbia katika biashara hii, na mbia hashitaki.

Shubiri na sabuni humharisha mtu akaishi. Msiba mkubwa ulikuwa katika chupa za watoto. Katika miji ya viwanda kama Nottingham na Manchester, mama aliyekwenda kazini alfajiri alimwachia mlezi mtoto na chupa ya Godfrey's Cordial, dawa tamu yenye sukari guru na kasumba ndani yake. Nguvu ya kasumba haikuwa sawa kwa kila muuzaji, wala haikuwa sawa juu na chini ya chupa moja. Wengine walilala wasiamke. Wengine walikufa polepole kwa njaa, kwa maana mtoto aliyelevywa halii, na mtoto asiyelia hapewi chakula. Mwaka 1868 Bunge lilitunga sheria kwamba mwenye kuuza kasumba awe amesajiliwa, na juu ya chombo aandike kuwa ni sumu. Lakini sheria hiyo hiyo iliziacha huru dawa za hataza. Kwa hiyo kasumba iliyotajwa kwa jina lake ilibanwa, na kasumba iliyojificha nyuma ya jina zuri ilipita mlangoni bila kuulizwa. Sijui ushahidi ulio wazi zaidi ya huo kwamba mlinzi wa ulaghai alikuwa ni siri.

Sasa tumtazame mganga wa mitishamba. Albert Isaiah Coffin, Mmarekani aliyefika Uingereza katika miaka ya mwisho ya 1830, alileta mafundisho ya Samuel Thomson wa New Hampshire. Alikwenda kwa wafumaji na mafundi wa kaskazini, akawahutubia, akawauzia kitabu, akawahimiza kuunda vyama vya kujifunza mimea. Shabaha yake ilikuwa kwamba mfanyakazi aijue dawa yake mwenyewe: mmea gani, sehemu gani, kiasi gani. Mmoja wa walioshika njia hiyo alikuwa John Boot, kibarua wa shamba, aliyefungua duka la mitishamba Nottingham mwaka 1849. Mganga wa namna hii aliishi mtaa mmoja na wateja wake. Dawa yake ikidhuru, jirani alijua mlango wa kubisha. Je, ni haki kumweka safu moja na tajiri aliyeuza sabuni kwa siri?

Hata hivyo sitaki kumvika mganga kilemba kisicho chake. Dawa kuu ya wafuasi wa Coffin ilikuwa lobelia, mmea wa kutapisha, na wako waganga waliofikishwa mahakamani kwa vifo vilivyoifuata. Wala jani peke yake si dhamana. James Morison aliviita vidonge vyake dawa ya mimea itibuyo kila ugonjwa. Na mwaka 1836, mwaka mmoja kabla ya Victoria kurithi kiti, muuzaji wake mmoja wa London alitiwa hatiani kwa kifo cha mteja, akatozwa faini ya pauni 200. Neno mimea lilikuwa pazia lake. Wanaoimba sifa za kila kitu cha asili na wamkumbuke Morison kabla ya kuendelea na wimbo wao.

Ama madaktari, sheria ya 1858 iliwapa daftari la majina, lakini haikuwapa usafi wa moyo. Chlorodyne, mchanganyiko maarufu wa afyuni na klorofomu, ulikuwa uvumbuzi wa John Collis Browne, daktari wa jeshi, naye aliificha kanuni yake kama mchuuzi yeyote. Madaktari wenzake walitoa damu ya wagonjwa na kuwanywesha zebaki kwa miaka mingi, na madhara yao hayakuwa madogo. Lakini hapa pana tofauti ambayo msomi hana ruhusa ya kuipuuza. Kutoa damu kulifanywa mchana, kukaandikwa, kukahesabiwa. Pierre Louis wa Paris alihesabu wagonjwa wake, na mwaka 1835 akaonyesha jinsi faida ya tiba hiyo ilivyokuwa ndogo. Kosa lililo wazi hufa siku moja kwa sababu lina mahali pa kupigwa. Kosa lililofichwa halina mwili, nalo huishi maadamu matangazo yanalipiwa.

Yatazame na mema yaliyobaki. Mwaka 1775 William Withering aliulizwa rai yake juu ya dawa ya mwanamke mzee wa Shropshire, iliyotibu wagonjwa waliovimba kwa maji mwilini. Ilikuwa na mimea ipatayo 20. Akaipambanua, akapata mmoja wenye nguvu, digitali, akaupima kwa miaka 10, na mwaka 1785 akachapisha kila alichokiona, walioponea na waliokufa. Na jambo la namna hiyo lilitokea karibu na kwetu. John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Unguja, alikuwa katika safari ya Zambezi na Livingstone alipoiona sumu ya mishale iitwayo kombe. Mswaki wake uligusana na sumu hiyo, naye akahisi mapigo ya moyo yamepungua. Thomas Fraser wa Edinburgh akaichunguza, ikawa dawa ya moyo, na jina la kombe limo hata leo katika jina la kitaalamu la mmea wake. Ujuzi wa mwanamke wa kijijini na wa wawindaji wa Afrika uliingia katika elimu ya dunia kwa mlango mmoja, mlango wa kusema wazi.

Atakuja mtu aseme: siri ni mtaji wa mganga, akiitoa atakufa njaa. Hoja hii ina uzito, kwa maana mwanamke yule wa Shropshire hata jina lake halikuhifadhiwa. Lakini dawa ya dhuluma hiyo ni hataza ya kweli na heshima ya kweli, si giza. Giza halikumlinda mganga mdogo. Lilimlinda mwenye fedha za matangazo. Jesse, mwana wa John Boot, alilikuta duka la majani, akapata utajiri alipoanza kuuza dawa za hataza kwa bei nafuu.

Kamati ya Bunge ilichunguza uchafu huu, na ripoti yake ikatoka tarehe 4 Agosti 1914, siku ambayo Uingereza iliingia vitani, ikasahauliwa. Mpaka 1941 ndipo sheria ilipolazimisha kuandika kilichomo ndani ya chupa. Wahenga walimwonya mficha maradhi kwamba kilio kitamfichua. Mficha dawa hakuonywa, na kilio kilichomfichua kilikuwa cha watu wengine. Basi mwanafunzi anayepewa chupa, iwe ya kiwandani au ya porini, asianze kwa kuuliza imetoka wapi. Aulize mna nini, kiasi gani, na nani atajibu ikidhuru.