Sabbath: ya pili imeifunga ya kwanza

Mashabiki wa hevi metali wana ubishi wao usiozeeka: kati ya albamu mbili za mwanzo za Black Sabbath, ipi kali zaidi? Wale wanaojiona wajuzi hukimbilia ya kwanza, ile iliyobeba jina la bendi. Mimi nasema Paranoid, na sioni hata sababu ya kumung'unya maneno.

Zote zilitoka 1970, moja Februari, nyingine Septemba. Ya kwanza walikuwa wameirekodi kwa siku moja tu, Oktoba 1969, London. Utamu wake ndio huo: vijana wanne wa Birmingham wanapiga kama wako klabu. Mvua inanyesha, kengele ya kanisa inalia, halafu gitaa la Tony Iommi linakuangukia. Jamaa alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani, lakini sikiliza anachofanya!

Tatizo linakuja mbele. Warning, wimbo wa kuazima, unavuka dakika kumi huku gitaa likitangatanga bila kufika popote. Evil Woman, kwenye toleo la Uingereza, nao ni wa watu wengine. Unabaki na nusu albamu nzuri sana na nusu ya mazoezi.

Paranoid ina nyimbo nane, zote zao. Wabishi watakwambia wimbo uliobeba jina la albamu ulitungwa chapchap ili kujazia nafasi. Kweli, lakini ulifika namba 4 Uingereza, na albamu yenyewe ikashika namba 1. Haraka haikuharibu kitu hapo.

Ila hoja yangu kubwa si chati. Ni kile wanachokiogopa. Albamu ya kwanza inaogopa mzimu mweusi uliosimama mbele yako. Ya pili inaogopa binadamu. War Pigs inawasema wakubwa wanaopeleka watoto wa maskini vitani wakati wao wamekaa. Hand of Doom inawasema askari waliorudi kutoka Vietnam na heroini mwilini. Electric Funeral ni bomu la nyuklia. Geezer Butler, mpiga besi na mtunzi mkuu wa mashairi yao, alikuwa anasoma dunia, si vitabu vya uchawi.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaouita huu muziki wa shetani, sikilizeni War Pigs mpaka mwisho. Shetani yumo, lakini amekuja kuwachukua wenye vita.

Halafu kuna ushahidi wa wenyewe. Tarehe 5 Julai 2025 walipiga shoo ya mwisho, wote wanne, pale Villa Park, siku 17 kabla Ozzy Osbourne hajafariki. Nyimbo nne tu: War Pigs, N.I.B., Iron Man, Paranoid. Tatu za albamu ya pili, moja ya kwanza.

Mwenye hoja ya kupindua matokeo hayo na ailete.